Ukingo Uliokwepa Boya

Mke wangu anajua kilichoko chini ya bahari kuliko anavyojua kilichoko chini ya kitanda chetu. Nasema hivyo kwa mapenzi, maana viatu vyangu vya kazi vilipotelea huko chini ya kitanda na hakuna aliyewahi kuvichorea ramani. Kazini wanamwita Mama Kina. Jina hilo walimpa mabaharia wa bandarini, kwa sababu ukimwuliza maji ya mahali fulani yana kina gani, anakujibu mpaka sentimita, kisha anataka kujua wewe unauliza kwa nini.

Mimi ni mwendesha boti yake. Ni boti ndogo ya utafiti, rangi yake nyeupe imebabuka, na ina kibanda cha watu watatu wakibanana. Kazi yangu ni kwenda moja kwa moja bila kupinda, kufika mwisho, kugeuza, na kurudi sambamba na nilikotoka, kutwa nzima, kama mtu anayepiga deki uwanja wa mpira. Watu hudhani ni kazi ya kupunga upepo. Hebu endesha gari mahali pasipo barabara, upepo unakusukuma ubavuni, halafu nyuma yako ameketi mkeo akitazama skrini na kusema, "Kushoto kidogo. Kidogo, nimesema." Hiyo ndiyo ndoa yetu, na kusema kweli siilalamikii sana.

Tunachotafuta ni nchi kavu ya zamani. Kabla bahari haijapanda, pale tunapopita na boti palikuwa uwanda wenye mto, na watu walikaa ukingoni, wakawasha moto na kuchonga mawe. Hilo si hadithi ya kubuni. Profesa, ambaye ndiye mkuu wa utafiti wetu, alizamisha bomba kwenye tope la mkondo wa mto huo akatoa mkaa na vipande vya mawe yaliyochongwa. Vilikuwa vimesombwa na maji kutoka ukingoni. Ukingo upi, wa magharibi au wa mashariki, hakujua. Kazi ya kujua hilo akaachiwa mke wangu.

Anafanyaje? Chini ya boti tumefunga chombo kinachopiga sauti kuelekea chini na pembeni. Sauti inagonga sakafu ya bahari, inarudi, na kompyuta inahesabu kina kwa muda ambao sauti imetumia njiani. Lakini sauti haiendi kwa mwendo uleule katika kila maji. Maji baridi yana mwendo wake, maji ya chumvi yana wake, maji ya mto yaliyotoka kunyeshewa yana wake. Kwa hiyo kila asubuhi na kila adhuhuri lazima tusimamishe boti na kushusha kipimo cha chuma kwa kamba hadi chini, kisome maji yalivyo siku hiyo. Tunakiita kidumu. Sikipendi kidumu. Kukishusha na kukipandisha ni kazi ya kuchosha mikono, na mke wangu hataki kipandishwe kwa haraka.

Ramani ilipokamilika, magharibi mwa mto ulionekana ukingo mzuri ajabu, mrefu, umeinuka kutoka kwenye tope. Profesa alimkumbatia mke wangu mbele ya watu wote, nami nikajifanya nakagua injini. Wakati huo bandari ilikuwa inataka mchanga wa kujazia gati jipya. Kamati ya bandari ikakaa, ikatazama ramani, ikakata shauri: upande wa magharibi usiguswe kabisa, upande wa mashariki uchimbwe. Meli ya kufyonza mchanga ikapangiwa kuanza Jumatatu. Nyumbani tulifurahi. Si kila siku mtu wa kipato chetu anaizuia meli kubwa kama ile isipite mahali.

Jumapili jioni, mke wangu alikuwa mezani akiandaa nakala kubwa ya ramani, ile ya kutundikwa ukutani ofisini kwa Profesa. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga mboga. Mama mkwe, ambaye anaishi nasi tangu alipoanguka bafuni na kuvunjika nyonga, alikuwa sebuleni anaikosoa taarifa ya habari.

"Hebu njoo uone," mke wangu akaita.

Nikaenda na mwiko mkononi.

"Nimeweka njia za boti juu ya ramani. Profesa anataka watu waone tulivyopita. Hizi hapa, mistari yako."

Nikaitazama. Ilikuwa imenyooka kama rula, nikavimba kichwa kidogo. "Mtu akitaka kujua dereva ni nani, mwonyeshe hiyo."

"Na ukingo wangu unauonaje?"

Ndipo nikaona, na ule mwiko ukaanza kunidondoshea mchuzi mguuni bila mimi kujua. Ukingo ulipita katikati ya mistari yangu miwili. Ukaenda nayo sambamba tangu mwanzo hadi mwisho. Na mahali pamoja, ambapo siku ya kupima nililazimika kupinda kidogo kulikwepa boya, ukingo nao ulikuwa umepinda. Mto uliofunikwa na bahari maelfu ya miaka kabla boya halijatengenezwa ulikuwa umelikwepa boya letu.

"Si ukingo huo," mke wangu alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililonitisha. "Ni maji. Siku ile mto wa leo, unaomwagika hapa baharini, ulikuwa umejaa maji ya mvua za bara. Maji matamu yalielea juu ya maji ya chumvi, yakaipinda sauti. Kila mstari ukajikunja pembeni kama mkeka mpya, na pale mikeka miwili ilipokutana, pakainuka kitu. Nikakiita ukingo."

"Lakini kidumu si kingeyaona hayo maji?"

"Kingeyaona. Adhuhuri ile hatukukishusha."

Nikakumbuka. Ilikuwa ndiyo siku ya ile simu, kwamba mama ameanguka na amepelekwa hospitali. Mke wangu alisema tumalize mistari iliyobaki haraka turudi, kidumu tukiache. Tena kuna desturi ya kazi hii: mwisho wa siku unapita mstari mmoja wa kukata, unaokatisha mingine yote, ili uone kama inakubaliana. Wapimaji wote wanauchukia mstari huo kwa sababu huja wakati kila mtu ana njaa. Siku ile akasema tutaukata kesho. Kesho yake tulikuwa wodini, na keshokutwa tukasahau.

"Sasa tatizo liko wapi?" nikamwuliza. "Si umelinda mahali patupu. Hakuna aliyekufa."

"Hujanielewa. Pande mbili za ramani hazikukutana vizuri. Kwa kuwa niliuamini ule wa magharibi, niliushusha wa mashariki ulingane nao. Nilipoushusha, kulikuwa na mwinuko mdogo huko, nikauona ni kasoro, nikausawazisha." Akaweka kidole mashariki, katikati kabisa ya eneo la kuchimbwa. "Nadhani wako hapa."

Alisema *wako*. Hakusema uko. Kwake wale watu hawajahama.

Sasa niseme wazi nilivyokuwa, maana sipendi watu wanaosimulia wakajipaka mafuta. Nilikasirika. Nilimwambia anyamaze. Kamati imeamua, Profesa amesifiwa, meli ni ya kesho asubuhi, na yeye mwenyewe hana uhakika, anadhani tu. Akisema leo kwamba ramani yake ni ya uongo, kesho nani atampa kazi ya kupima hata kisima? Nilisema mengi, na kwa sauti, mpaka televisheni ikazimwa sebuleni.

"Mnagombana kwa ajili yangu," mama mkwe akasema kutoka huko.

"Hapana, mama, ni mambo ya kazi," nikajibu.

"Nina nyonga mbovu, masikio ni mazima. Aliacha kupima kwa sababu nilianguka." "Wewe binti, ungemaliza kazi kwanza. Mimi nilikuwa chini tayari, nisingeanguka tena kwenda wapi?"

Mke wangu alicheka, kicheko kimoja kifupi, kisha akafunika uso kwa mikono yake na mabega yakaanza kutikisika. Nilisimama pale na mwiko wangu kama mpishi aliyefumaniwa. Alipomaliza alijifuta kwa upindo wa khanga, akachukua simu, akampigia Profesa, akamweleza kila kitu bila kujitetea hata kwa neno moja.

Profesa alikuwa safarini, kwenye mkutano. "Una uhakika?" akauliza.

"Sina. Nahitaji mstari mmoja wa kukata, kuvuka mashariki."

"Bila picha siwezi kusimamisha meli, Mama Kina. Niletee picha."

Asubuhi tulitoka bandarini mapema kadiri mlinzi wa lango alivyoturuhusu. Bahari ilikuwa shwari, na hilo halikunituliza, kwa sababu tulipozunguka ncha ya ukuta wa mawe tuliiona meli ya mchanga iko kazini tayari. Kumbe ilikuwa imeanza mapema. Mabaharia wanaiita Tembo, kwa bomba lake kubwa linaloning'inia ubavuni hadi sakafuni, linafyonza mchanga na kila kilichomo. Nyuma yake maji yalikuwa ya kahawia, na uchafu huo ulikuwa unatambaa taratibu kuelekea upande wetu.

"Tope hilo likifika, nitakuwa kipofu," mke wangu alisema. "Sauti haipenyi humo. Tuna nafasi ya mstari mmoja tu."

"Basi twende," nikasema, nikashika gia.

"Simamisha. Tushushe kidumu kwanza."

Nilimgeukia. Tembo alikuwa mwisho wa njia yake, anaanza kugeuza aje huku. Kila dakika aliyoitumia alikuwa anakula nchi, na mke wangu anataka kupima maji. Nilimwambia, na sitaficha kwamba nilimwambia kwa ukali, kwamba maji ni yaleyale, mvua hakuna, tupite kwanza tupime baadaye. Hakubishana. Alikwenda nyuma, akafungua kamba mwenyewe, akaanza kukishusha kidumu kwa mikono yake, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Mimi nilibaki kwenye usukani roho iko juu, naitazama ile meli ikimaliza kugeuka na kutuelekea. Kidumu kikafika chini. Kikaanza kupanda. Nilitamani niivute ile kamba kwa meno.

"Tayari," akasema. "Nenda. Polepole, na usipinde."

Njia yetu ilikuwa inaivuka njia ya Tembo. Sheria ya bahari inasema chombo kidogo kiipishe meli iliyo kazini, na ni sheria nzuri, nimewafundisha wengi. Nikaivunja. Tukienda kwa kasi picha inaharibika, tukipinda inaharibika, kwa hiyo tulikwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, mbele ya kitu kirefu kama mtaa.

Redio ikalia. "Boti ndogo iliyoko mbele yangu, ondoka njiani mwangu."

Niliyakazia macho maji ya mbele.

"Boti nyeupe, unanisikia? Siwezi kusimama ghafla. Ondoka."

"Usipinde," mke wangu alisema nyuma yangu.

"Nimesikia."

"Kulia kidogo. Kidogo, nimesema."

Honi ya meli ililia mpaka kioo cha kibanda kikatetemeka. Niliiona sehemu yake ya mbele na povu ililokuwa inalisukuma, nikawaza kuhusu mama mkwe peke yake nyumbani, nani atampa dawa ya saa nne. Nilikuwa naogopa, naogopa hasa. Lakini usukani sikuugeuza. Tukapita. Wimbi lake likatuinua nyuma, nami nikaingoja sauti ya mke wangu iniambie kama tumeharibu.

Niligeuka. Kwenye skrini, chini ya tope jepesi, palikuwa na mteremko laini, kisha kiinuko, kisha uwanda, na mteremko huo ulizunguka kama mto unavyozunguka, haukufuata mstari wa mtu yeyote. Nilikuwa nimepita njia moja na wenyewe ulikwenda njia yake. Na katikati ya kiinuko palikuwa na mitaro miwili mipya, yenye kuta kali, imekipasua toka huku hadi kule. Tembo alikuwa ameshapita mara mbili.

Mke wangu alituma picha kwa Profesa. Simu ilirudi mara moja. "Nimeiona. Nimepiga bandarini. Mwenye amri yuko kwenye kikao, wanamtafuta." Sauti yake ilikuwa inakatika, sijui ni mtandao au ni yeye. "Subirini."

Tembo alikuwa amefika mwisho wa upande wa pili na alikuwa anageuza kwa ajili ya mtaro wa tatu. Mke wangu aliitazama simu, akaitazama meli, akachukua kipaza sauti cha redio.

"Nahodha, naomba uinue bomba. Chini yako kuna makazi ya watu wa kale. Nimeyaona sasa hivi."

"Ni nani mwenzangu?"

"Mimi ndiye niliyechora ramani ya eneo hili."

Nahodha akasema, bila hasira, kama mtu mzima anayeongea na mtu mzima, "Mama, mimi nafuata ramani hiyohiyo. Ninayo hapa mbele yangu. Inasema hapa pako wazi, na sahihi ya chini ni yako."

"Ni yangu. Usiifuate. Nilikosea."

"Kama ulikosea siku ile, nitajuaje hukosei leo?"

Mtu anayeheshimiwa bandari nzima kwa kutokosea alikuwa anatakiwa ajibu hilo kwenye redio ambayo kila chombo cha karibu kinaisikiliza.

"Siku ile sikupima maji," alisema. "Leo nimepima."

Redio ilikoroma tu. Tembo alikuwa amemaliza kugeuka. Nikahesabu moyoni kama mtu anayesubiri bao, halafu nikasikia mashine yake ikibadilisha mlio, na lile bomba likaanza kuinuka kutoka majini, linachuruzika maji machafu.

Nahodha alituita tupande melini. Alikuwa mwanamume mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alitaka, alisema, kumwona kwa macho mtu aliyemkatisha kazi. Alitupeleka ubavuni, palipo na wavu wa chuma unaozuia mawe yasiingie tumboni mwa meli pamoja na mchanga. Kwa kawaida mabaharia huyasukuma mawe hayo yarudi baharini. Asubuhi ile mmoja wao aliyaona ni meusi na yanang'aa, akayatia kwenye ndoo kwa kuyapenda tu.

Mke wangu alichuchumaa mbele ya ndoo. Akatoa jiwe moja, jembamba, ubavu wake umechongwa kwa mapigo madogo yaliyopangwa, makali bado yapo. Akatoa jingine. Chini kabisa palikuwa na kigingi cha mti, kirefu kama mkono, ncha yake imechongwa, na mahali kilipochongwa mti ulikuwa mweupe kama umekatwa jana. Wale watu ambao nilikuwa nimemwambia awanyamazie walikuwa ndani ya ndoo ya plastiki. Nilipata uchungu ambao sikuutarajia, nikamwekea mkono begani.

"Hivi vitu vilikuwa wapi hasa?" nahodha aliuliza. Aliuliza kwa heshima, akitaka kujua. "Ndani ya ile mitaro, upande gani?"

Mke wangu alikishika kigingi kwa mikono miwili. Nimeishi naye miaka mingi, nimemsikia akibishana na kamati, na madaktari, na mimi, lakini kuhusu sakafu ya bahari sijawahi kumsikia akikosa jibu. Vitu vile vingeweza kuwa vimetoka mahali popote katika mitaro ile, mwanzo au mwisho, juu au chini, kando ya moto au mlangoni mwa mtu. Kigingi kile kilikuwa kimeshikilia kitu fulani, na mahali kilipokuwa kimesimama ndipo palipokuwa na jibu la kitu hicho.

"Sijui," alisema.

Akarudia tena, kwa sauti ya chini zaidi, safari hii akikiambia kigingi chenyewe. Nahodha alivua miwani yake akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Mke wangu aliomba kitambaa kilicholowa maji ya chumvi, akakizungushia kigingi, akamkabidhi nahodha akishike vizuri hadi Profesa atakapotuma watu. Kisha akasimama, akatazama lile wingu la tope lilivyoanza kutulia juu ya nusu iliyobaki ya kiinuko, akaniambia nirudi botini nikaandae kidumu, maana maji yalikuwa yameshabadilika.